Wasomaji wa Rafu

Tangazo lilipobandikwa ubaoni, wafanyakazi wote wa maktaba ya chuo walipiga makofi. Mama Rafu alipiga kuliko wote, ili asiwepo wa kugundua kwamba hakuona hata neno moja la kilichoandikwa.

Kwake karatasi ile ilikuwa weupe mtupu wenye michirizi, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Alisubiri mdomo wa mtu mwingine ufanye kazi ya macho yake, na hakungoja sana. Karani wa mapokezi hajawahi kuona karatasi akaacha kuisoma kwa sauti. Maktaba itafungwa wiki tatu kwa ukarabati, alisoma. Itawekwa lifti. Kila ghorofa itapata taa mpya, na rafu za mbao zilizoliwa na mchwa zitatolewa, ziwekwe za chuma. Vyoo vitapata maji. Na vitabu chakavu vya ghorofa ya tatu vitajalidiwa upya vyote, jalada moja la kijani, na kubandikwa lebo mpya.

"Kijani vyote?" aliuliza Mama Rafu.

"Vyote, Mama Rafu! Ghorofa yako itapendeza hiyo, mpaka ng'ombe watataka kuja kula."

Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Ghorofa ya tatu ilikuwa ya kilimo na mifugo, na yeye alikuwa ameipanga kwa miaka ishirini na sita. Jina la Mama Rafu alipewa na wanafunzi, likamganda hata mumewe akalitumia. Macho yalipoanza kuota ukungu, miaka miwili nyuma, mikono ilikuwa tayari inajua njia. Kitabu kinene cha nyuki kilikuwa na kona iliyotafunwa na panya. Juzuu za magonjwa ya ng'ombe zilikuwa na utepe wa gundi mgongoni, ya kwanza mmoja, ya pili mbili. Kitabu cha mbolea kilikuwa kimevimba tangu mwaka ule mhadhiri mmoja alipokimwagia chai. Mwanafunzi akiuliza kitabu, yeye anakwenda moja kwa moja, anapapasa, anachomoa. "Mama huyu ana macho ya mwewe," walisema wanafunzi, na yeye akawaacha waseme. Sasa makovu yale yote aliyokuwa akiyasoma kwa vidole yalikuwa yanakwenda kuvishwa sare.

Chini ya tangazo kulikuwa na habari za wafanyakazi, na hizo Mkutubi Mkuu alipenda kuzisoma mwenyewe. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Mama Rafu kwa miaka kama ishirini, mwenye mwendo wa haraka, anayechukia vitu viwili duniani, vumbi na uongo. Alimpongeza mjalidi kwa kupata mapacha. Alimpongeza mlinzi wa getini kwa kumaliza cheti chake. Halafu akafika kwenye ukaguzi wa kusoma rafu.

Kusoma rafu ilikuwa ibada ya maktaba ile. Kila asubuhi, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, kila mpangaji husimama mbele ya rafu zake akazisoma, si kilichomo ndani ya vitabu bali migongo yake tu, namba baada ya namba, kuhakikisha hakuna kitabu kilichokaa kwenye kiti cha mwenzake. Akimaliza husaini daftari. Kitabu kilichoibwa kinaweza kurudi siku mwizi akitubu. Kilichopangwa pasipo pake kimefia ndani ya nyumba, na hakuna anayejua azike wapi.

"Ghorofa ya tatu," alisema Mkutubi Mkuu, "makosa sifuri. Mwaka wa pili mfululizo, rafu bora ni za Mama Rafu."

Makofi.

"Ghorofa ya pili, makosa kumi na tisa. Mwaka wa pili mfululizo."

Hapo hapakuwa na makofi. Watu walitazama viatu vyao, halafu wakamwibia jicho mpangaji wa ghorofa ya pili, mwanamume mrefu mwenye shati la kaki lililofuliwa mpaka likapauka.

"Baada ya uzinduzi nitakagua tena," Mkutubi Mkuu alimwambia mbele ya wote. "Yakiwa haya haya, nitakuhamishia stoo ukahesabu maboksi. Una neno?"

Hakuwa na neno. Hakuwahi kuwa nalo, na ndiyo maana walimwita Bwana Kimya.

Mama Rafu alimjua vizuri kuliko wengine. Miaka kumi na mitano iliyopita Bwana Kimya alikuwa msafishaji pale pale, hajui kusoma hata jina lake. Yeye ndiye aliyemfundisha, saa za chakula cha mchana, kwa kutumia migongo ya vitabu: A ya asali, B ya bata, N ya nyuki. Alimfundisha mpaka akaacha ufagio akapewa rafu. Na sasa, kwa miaka hii miwili, mtu yule yule alikuwa hamsemeshi, ila kila asubuhi unamkuta amezubaa ghorofa ya tatu ambako hana kazi, anachungulia rafu zisizo zake. Ukimsalimia anaitikia, anashuka zake. Mama Rafu alikwisha jua anachotafuta. Mwanafunzi alikuwa anatafuta kosa la mwalimu ili arithi kiti. Kwa hiyo aliposikia habari ya stoo, Mungu amsamehe, alifarijika kidogo. Shukrani ya punda ni mateke, alisema moyoni.

*

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo mgeni yeyote aliyekuja kuwasalimu alikaa juu ya suruali ya mtu. Fundi alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Waambie," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Si maradhi. Ni mtoto wa jicho. Nesi alisema anaondolewa."

"Basi wakamwondoe."

"Na ruhusa ya hospitali nitaombaje bila kusema naumwa nini? Umesahau yule dereva?"

Fundi hakuwa amesahau, maana hadithi ya dereva ilikuwa imeliwa mezani pao miaka miwili kama chakula cha akiba. Dereva wa gari la maktaba alikwenda kutibiwa macho. Habari zake zilitoka kwenye jarida la wafanyakazi, Mama Rafu akazisoma kwa macho yake mwenyewe, yalipokuwa ndiyo kwanza yanaanza kumchezea: upasuaji wa jicho, halafu kuagwa, halafu asante kwa utumishi wako. Tangu siku hiyo dereva hakuonekana tena pale.

"Yule alikuwa dereva," Fundi alisema. "Dereva asiyeona ni msiba. Wewe unapanga vitabu, ukikosea hafi mtu."

"Anakufa Kitinda."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. Kitinda ni binti yao wa mwisho, mwaka wa pili chuoni pale pale, anasomea udaktari wa mifugo. Watoto wa wafanyakazi walisoma bila ada, almuradi mzazi awe kazini. Mzazi akitoka, na mtoto anatoka. Dada zake wawili hawakufika huko. Huyu alikuwa amebakiza miaka mitatu, na Mama Rafu alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Hesabu ilikuwa imekaa vizuri hivyo mpaka mtu ukadhani Mungu mwenyewe alishika kalamu.

"Akijua, ataacha masomo kwa ajili yangu," Mama Rafu alisema. "Unamjua mwanao."

"Namjua. Kichwa kigumu kama cha mama yake." Fundi aliinama, akavuta gunia la vipande vya nguo lililokuwa chini ya meza, akamwekea mapajani. "Haya, funga macho. Si kazi kubwa kwako siku hizi."

"Una maneno wewe."

"Hiki nini?"

Alikipapasa. "Kordroi."

"Hiki?"

"Satini. Hiki ni drili. Hiki flana." Alianza kucheka kabla hajaelewa kwa nini.

"Rafu zenu mpya za chuma zina ukingo kwa chini, siyo? Bandika huko. Nani huchungulia chini ya ukingo wa rafu?"

Usiku huo waligawa nguo kama watu wanaogawa urithi. Ng'ombe walipata kordroi kwa sababu ya ngozi yao. Udongo ukapata drili, nyuki wakapata satini. "Kuku wape flana," Fundi alisema, "wanapenda joto." Kitinda alipita kutafuta kiberiti, akawakuta wazazi wake wanacheka na gunia, akatikisa kichwa akaenda zake.

*

Ukarabati ulikwenda kwa wiki tatu kama ulivyoahidiwa, jambo lililowashangaza hata mafundi wenyewe. Rafu zilisimama, ndefu na za kijivu. Vitabu vikarudi kutoka kwenye maboksi, wenzake wakivipanga kwa kuitana, "Huku ng'ombe! Huku kuku!" na Mama Rafu akifuata nyuma na kopo la gundi ndani ya mkoba. Saa za chakula wenzake wakishuka, yeye alipiga magoti akabandika.

Asichokitarajia ni taa. Zile za zamani zilikuwa hafifu, na ndani ya uhafifu ule aliweza kubahatisha. Taa mpya zilikuwa na mwanga mkali, na kwenye jicho lenye mtoto mwanga mkali si msaada. Siku ya kwanza zilipowashwa kila mtu alisema "aah!" kwa furaha, na yeye akashika rafu ili asianguke. Ghorofa yote iligeuka maziwa.

Akajitengenezea utaratibu. Kitabu kilichorudishwa alikipeleka kwanza kwenye chumba cha mafagio, penye giza, akakisogeza mpaka lebo iguse pua, akapata namba. Halafu anakwenda kwenye rafu, anapapasa chini ya ukingo, anajua hapa ni nyuki, anakiingiza. Lakini kukiingiza kati ya namba gani na namba gani, hilo lilikuwa la Mungu. Alipapasa, akakadiria, akaomba. Asubuhi alisimama mbele ya migongo ya kijani, akajifanya anaisoma, akasaini. Na kila mara mtu alipotafuta kitabu, alikikuta. Mikono yangu haikosei, alijiambia. Alishukuru, na kidogo akajisifu.

Bwana Kimya alizidi kumkera. Asubuhi moja Mama Rafu alifika mapema kuliko kawaida akamkuta amechutama kwenye rafu za nyuki, mkono umeshika ukingo.

"Umepoteza kitu?"

"Hapana, dada."

"Rafu zako ziko chini. Zina makosa kumi na tisa."

"Ndiyo, dada," alisema, akashuka.

Mama Rafu alikuwa amebandika rafu kumi na nane kati ya arobaini na mbili wakati Mkutubi Mkuu alipomwita na kumshika mabega yote mawili. Uzinduzi ulikuwa umesogezwa mbele, ni keshokutwa. Makamu Mkuu wa Chuo atakuja na wageni. Na ili wageni waone kazi, siyo majengo tu, Makamu atataja kitabu chochote cha ghorofa ya tatu, na Mama Rafu, mwenye rafu bora miaka miwili, atakileta kwa lifti mpya huku saa ikihesabu.

"Kitabu chochote, bosi?"

"Chochote! Si unavijua vyote? Nimewaambia una macho ya mwewe."

*

Siku ya uzinduzi Fundi alimpigia pasi sare mpaka ikasimama peke yake. Ukumbi wa chini ulijaa, utepe ukakatwa, Makamu akasifu vyoo kwa dakika nyingi kuliko alivyosifu vitabu. Kisha akasema kwamba yeye ni mtoto wa mfugaji, kwa hiyo angependa kuona juzuu ya pili ya magonjwa ya ng'ombe.

Mama Rafu aliingia kwenye lifti. Alipapasa vitufe, akahesabu kutoka chini kama mtu anayehesabu vifungo vya shati, akabonyeza. Mlango ulipofunguka akatoka, akanyoosha mkono kutafuta rafu, akasukuma mlango mwingine, akashika bomba la maji. Alikuwa chooni, ghorofa ya pili. Alirudi ndani ya lifti uso ukiwaka moto, akabonyeza kitufe cha juu yake, akashukuru kwamba angalau hapakuwa na mtu.

Ghorofa ya tatu. Satini. Flana. Kordroi. Ng'ombe hao. Lakini juu ya kordroi palikuwa na vitabu thelathini vya urefu mmoja, unene mmoja, kijani kimoja, na zile tepe mbili za gundi zilikuwa chini ya jalada jipya, zimezikwa. Alitoa kimoja, akakileta puani. Mwanga ukammwagikia. Alitoa kingine.  Akilini akamwona Kitinda akifunga mabegi yake, na chini watu wakitazama saa.

"Dada, acha. Hicho ni juzuu ya kwanza."

Alishtuka akaangusha kitabu. Bwana Kimya alikuwa amesimama mwisho wa ujia, anahema kwa kupanda ngazi mbio.

"Cha pili hiki," alisema, akamwekea kitabu mkononi.

"Unanipeleleza tangu lini?" Mama Rafu alisema kwa mnong'ono, maana hata hasira ya watu wa maktaba ina sauti ndogo.

"Tangu mwaka juzi. Ulimweka kuku kwenye udongo. Nikajua si wewe, ni macho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nasoma."

"Unasoma nini?"

Bwana Kimya alijikuna shingo. Maneno mengi yalikuwa yanamchosha. "Rafu zako, dada. Nafika mapema, nazisoma zote arobaini na mbili, narudisha vilivyokosea. Kisha nashuka kwangu. Kwangu nusu saa haitoshi tena, nasoma ninapofika."

Mama Rafu alisimama na ng'ombe wake mkononi. Kumi na tisa, alifikiri. Sifuri na kumi na tisa. Aliona mikutano yote miwili, yeye akipigiwa makofi na huyu akiibiwa jicho, na akakumbuka ile faraja yake, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi."

"Na wewe? Stoo je?"

"Stoo kuna kivuli," alisema Bwana Kimya. "Nenda, dada. Saa inahesabu. Ulinisomea nikiwa sioni A wala B. Leo nakusomea mimi. Nenda."

Alishuka. Ukumbi ukalipuka makofi: dakika sita, na wote wakasema lifti ndiyo iliyochelewesha. Makamu alifunua kitabu, akaona picha ya ng'ombe mwenye kidonda, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Mkutubi Mkuu alimkumbatia Mama Rafu. Alikuwa amenusurika. Angeweza kunyamaza, na miaka mitatu ingepita, na Kitinda angevaa joho. Lakini makofi yale yalikuwa yanamkaa mwilini kama nguo iliyoshonewa mtu mwingine, na mke wa fundi hawezi kuvumilia nguo ya namna hiyo.

*

Wageni walipoondoka aligonga mlango wa ofisi.

"Bosi, ukaguzi wa ghorofa ya pili usiufanye."

"Barua yake ya kuhamia stoo ninayo hapa, naandika jina tu."

"Basi andika langu."

Akasema yote, kwa kusimama, bila kupumzika: ukungu, chumba cha mafagio, kordroi na flana, Bwana Kimya na rafu arobaini na mbili kila alfajiri. Hakulia mpaka alipofika kwa Kitinda.

Mkutubi Mkuu aliweka kalamu mezani.

"Miaka miwili umesaini daftari la rafu ulizokuwa huzioni."

"Ndiyo."

"Na nimemwaibisha mtu mbele ya wenzake mara mbili kwa sababu hiyo."

"Ndiyo, bosi. Nimekuja kwa ajili hiyo."

"Nimekasirika, Mama Rafu. Nataka ujue nimekasirika." Alisimama akatembea mpaka dirishani akarudi. "Kwa nini hukwenda hospitali? Mtoto wa jicho mtu anatibiwa, anapewa likizo ya ugonjwa, anarudi kazini!"

"Kama yule dereva?"

"Dereva yupi?"

Alimsimulia. Mkutubi Mkuu alikunja uso, akafungua kabati, akatoa rundo la majarida ya zamani, akapekua mpaka akapata moja. Alilitazama. Kisha akakaa chini, akafunika mdomo kwa mkono.

"Sikiliza. Safu ya kushoto: 'Dereva wetu amefanyiwa upasuaji wa jicho salama, na akirejea ataendesha basi la wanafunzi kwenye tawi letu la pili.' Safu ya kulia: 'Tunamuaga mtunza bustani wetu, aliyefikisha umri wa kustaafu. Asante kwa utumishi wako.'" Alishusha karatasi. "Ni watu wawili, Mama Rafu. Ulisoma moja kwa moja, ukavuka mstari wa katikati. Na mtunza bustani yule keki yake ulikula, nakumbuka, ulirudia."

"Dereva yuko hai?"

"Yuko hai na anakimbiza basi vibaya mno, kila wiki napata malalamiko."

Mama Rafu alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Miaka miwili ya hofu, na yote aliijenga mwenyewe kwa kuchanganya bustani na gari. Alianza kucheka, kicheko na machozi vikagombania mlango mmoja, na Mkutubi Mkuu, aliyekuwa bado amekasirika, akajikuta anacheka pia.

"Barua ya onyo utapata," alisema alipotulia. "Ya daftari. Lazima. Na fomu ya hospitali utaipata leo hii, nitaisaini kabla hujatoka hapo mlangoni. Na huyu mwingine..." Aliichana barua ya stoo mara mbili. "Huyu nitamwomba radhi pale pale nilipomwaibishia."

Akafanya hivyo, Jumatatu yake, mbele ya wote. Bwana Kimya aliulizwa kama ana neno. Hakuwa nalo.

*

Nyumbani Kitinda aliambiwa yote siku hiyo hiyo. Aligomba, akalia, akagomba tena, akasema mama angekuwa ng'ombe angetibiwa mapema. Ndiye aliyemshika mama yake mkono kwenda hospitali. Jicho la kulia lilifanywa kwanza, likapona, kisha la kushoto. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa Mama Rafu alimtazama mumewe kwa makini.

"Umezeeka, Fundi."

"Mrudishieni hiyo bandeji," Fundi akamwambia nesi.

Alirudi kazini baada ya miezi miwili. Jarida lilikuwa limeandika mistari miwili kumkaribisha, naye aliisoma nyumbani kwa sauti, kidole kimelala katikati ya safu ili asivuke. Alifika maktaba mapema sana, akapanda kwa ngazi kwa sababu alitaka kuziona. Ghorofa ya tatu ilikuwa inang'aa. Lebo zilikuwa nyeupe na namba zake nyeusi zimesimama wima. Alisoma rafu ya kwanza yote bila kosa, akasikia furaha ya kutaka kumshika mtu.

Akakumbuka vipande. Sasa havikuwa na kazi tena, na mkaguzi yeyote angeviita uchafu. Alipiga magoti avihesabu kwanza, ndipo avibandue. Satini ya nyuki, flana ya kuku. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Kazi yake iliishia hapo. Lakini alipopitisha mkono chini ya ukingo wa kumi na tisa, kidole kiligusa nguo.

Aliinama akatazama. Haikuwa nguo ya Fundi. Ilikuwa kaki, iliyofuliwa mpaka ikapauka, imekatwa na mtu asiyejua mkasi. Rafu ya ishirini, kaki yenye tundu la kifungo. Ya ishirini na moja, kaki yenye mshono. Akaenda kwa magoti ujia mzima mpaka arobaini na mbili, na kila ukingo ulikuwa na kipande chake.

Bwana Kimya alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa shati jipya.

"Nilikuwa nimekwenda kutibiwa," Mama Rafu alisema. "Hizi za nini?"

"Madaktari nao hukosea, dada."

"Umekata shati lako."

"Mawili," alisema. "Moja halikutosha."

Mama Rafu aliinuka, akapangusa magoti. Hakubandua kipande hata kimoja. Alimpita pale kwenye ngazi, akamgusa bega, akashuka mpaka ghorofa ya pili, akasimama mbele ya rafu ya kwanza ya Bwana Kimya na kuanza kuisoma, namba baada ya namba. Kwenye rafu ya tatu alikuta kitabu kimekaa pasipo pake. Kwenye ya tano alikuta viwili. Alivirudisha mahali pake taratibu, akaendelea na ya sita.